Mtani Aliyeokoa Mbwa

Kaka yangu alilipata jukwaa alilolitaka na akampoteza mtani wake alasiri moja ya Jumapili, chini ya paa moja, na mpaka leo ukiniuliza ni kipi kilichokuwa na thamani zaidi nitakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Yeye hapendi nilisimulie jambo hili. Basi asisome.

Sisi ni Wahehe. Nalitaja hilo mapema kwa sababu bila hilo hakuna kisa. Wahehe na Wangoni walipigana zamani, wakauana vya kutosha, kisha waliobaki wakaamua kutaniana. Sijui wazo hilo lilikuwa la nani, ila alikuwa mtu mkatili mwenye akili nyingi. Mngoni anaweza kuingia nyumbani kwangu bila hodi, akafunua sufuria, akauliza leo tumempika mbwa wa nani, maana Wahehe tunasingiziwa kula mbwa, nami sina ruhusa ya kununa. Na mimi naweza kumwita mtumwa wangu mbele ya wakwe zake, naye akaitika. Ukinuna umeshindwa. Kwa watu wanaosemwa kuwa na hasira kama sisi, hayo ni mateso, lakini ni mateso yanayosaidia.

Baba alipofariki, kule Iringa, mama mmoja wa Kingoni alivaa koti la marehemu na kofia yake, akapita katikati ya waombolezaji akichechemea kama alivyochechemea baba, akidai kwa sauti ya baba ulanzi wake aliouacha juzi kwenye kibuyu, na kuuliza ni nani kati yetu aliyeunywa. Makaburini mtani mwingine aliingia shimoni kabla ya jeneza, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Kaka hakuwa amelia tangu baba akate roho. Alicheka mpaka akapiga magoti kwenye udongo, na kicheko kile ndicho kilichogeuka kilio. Mtu asiyejua mambo haya angesema tumerogwa. Sisi tulijua kwamba baba amezikwa vizuri.

Kaka alinitangulia Sydney, mimi nikamfuata baadaye, tukaishi Guildford, mtaa mmoja. Dar es Salaam alikuwa amepiga gitaa la solo katika bendi ya dansi, mtu anayetambuliwa akiingia baa. Sydney aliwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Gitaa lilikaa juu ya kabati na vumbi lake. Alikuwa akirudi kazini mikono imesinyaa kwa maji na sabuni, anaiangalia, anaiweka mifukoni.

Mtani tulimpata Merrylands, katika duka la Mlebanoni tulikokuwa tunanunua unga. Tulikuwa tunabishana mimi na kaka juu ya unga upi utasongeka, na mwanamume mfupi mwenye koti la kazi akageuka akatuuliza nyumbani ni wapi. Kaka akasema Iringa. Yule mtu akashika kifua, akamwendea mwenye duka, akamwuliza kwa Kiingereza kama ana mbwa. Mwenye duka akasema hana. "Mshukuru Mungu wako," akamwambia, "maana hawa wawili wamefika." Kaka naye hakungoja. Alimwuliza ni nani aliyemruhusu kutoka shambani kabla jua halijazama, mtumwa asiye na adabu. Wakakumbatiana pale pale kati ya mifuko ya mchele, watu wazima wawili, na mwenye duka akawa anatuangalia kama watu wanaotaka kumwibia.

Tangu siku ile hakutoka nyumbani kwetu. Alikuwa akiendesha folklifti katika ghala moja Lidcombe, anaishi peke yake, na kila Jumamosi alikuja kula na kututukana. Msidhani kwamba alikuwa mtu wa vichekesho vya kitoto. Alikuwa na ulimi wa kuchuna ngozi. Mke wa kaka alipoondoka kwenda Melbourne na mwanamume mwingine, sisi wote, mimi na watu wa kanisani, tulitembea kwa ncha za vidole, tukasema maneno ya Mungu, tukaleta vyakula ambavyo kaka hakuvigusa. Mtani alikuja na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya harusi, yenye kengele na njiwa. Ndani mlikuwa na makopo ya chakula cha mbwa. Alimwambia kaka sasa ale kwa nafasi, maana hakuna tena wa kugawana naye. Niliyafumba macho. Nilipoyafumbua kaka alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na usiku ule alikula.

Mama alipokuja kututembelea, mtani alimkamata siku ya kwanza. Mama alikuwa na mwendo wake, kichwa mbele, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba la jirani, na alikuwa na tabia ya kuguna kabla ya kusema lolote. Mtani aliupata mwendo ule na mguno ule kabla chai haijapoa. Alikuwa anamfuata mama koridoni, mama anakagua, yeye anakagua. Mama alimwita mtumwa wa babu yake na akampa vipande vikubwa vya nyama. Siku aliyoondoka, sweta yake ya kijani akaisahau kwenye kiti, au aliiacha makusudi, sijui. Uwanja wa ndege alimshika mtani mkono akamwambia, "Siku yangu ikifika usiniachie wanangu wakae kimya kimya kama Wazungu. Unasikia, mtumwa?" Mtani akaitika kwamba amesikia, bibi yangu.

Sasa jukwaa.

Kaka alitumwa mjini na watu wa kazini kwake, kwenda kufundishwa namna ya kumwinua mgonjwa bila kuumia mgongo. Alipokuwa anarudi stesheni alipita mbele ya baa moja ya zamani, jengo la matofali lililobanwa kati ya majengo marefu ya maofisi, na akasikia gitaa. Alisimama mlangoni mpaka mtu akamwambia aingie au atoke. Baadaye akaniambia kwamba amepata nyumba ambamo watu wanakaa kusikiliza gitaa, hawali, hawazungumzi biashara, wanasikiliza tu. Muziki wenyewe ni blues, akasema, ni kama msiba unaoimbwa na mtu aliyekwisha kushiba. Nikamwambia apunguze maneno aseme anachotaka.

Alichotaka ni hiki. Jumapili alasiri nyumba ile ilimruhusu yeyote anayejua kupiga apande, na mzee mwenye jukwaa, Mzungu mwenye ndevu nyeupe na sauti ya moshi, ndiye aliyeamua. Ukimridhisha, anakupa Jumapili yako ya kila mwezi, na jina lako linaandikwa ubaoni nje, barabarani, watu wa mjini wakipita wanalisoma. "Mdogo wangu," kaka akaniambia, "mimi nataka jina langu pale nje, hata kama ni kwa chaki." Hakuwahi kuniomba kitu katika nchi ile. Alilishusha gitaa juu ya kabati, akabadilisha nyuzi, akafanya mazoezi miezi kadhaa, taratibu, mpaka majirani zake, Warundi waliotoka kambini Kigoma, wakawa wanagonga ukuta kumwomba arudie.

Jumapili ile tulitoka misani tukapanda treni. Tulibadilisha treni Lidcombe, na mtani alikuwa anatungoja pale stesheni, amevaa suti, amenyoa. Kaka ndiye aliyemwalika. Nataka hilo lieleweke. Alimwalika kwa sababu alikuwa na hofu, na mwenye hofu humtaka mtani wake karibu. Lakini treni ilipoanza kuingia mjini kaka akafanya kosa ambalo hata mtoto wa Kihehe halifanyi. Alimwambia mtani, kwa uso mkavu kabisa, kwamba leo amwachie, leo asimtanie.

Mtani alitutazama kama mtu aliyeokota dhahabu. Akawatangazia abiria wote kwa Kiswahili, ambacho hawakukijua, kwamba Mhehe anaomba likizo. Nilimwona kaka anajilazimisha kutabasamu.

Ndani mlikuwa na harufu ya bia iliyomwagika tangu enzi za wazee wa wazee. Zulia lilishika viatu. Kuta zote zilijaa picha za wapigaji wa zamani, wengi wao watu weusi wa Marekani waliovaa kofia na kukunja nyuso, na vioo vya picha vimekuwa vya manjano. Weusi waliokuwa ukutani walikuwa wengi kuliko waliokaa, maana waliokaa tulikuwa sisi tu. Wazungu wa makamo walijaa, wengine wamevaa fulana za bendi, wanakunywa polepole, wanaangalia jukwaa kama wanavyoangalia altare. Na chini ya jukwaa, juu ya kipande chake cha mkeka, alilala mbwa.

Alikuwa mbwa mzee wa nyumba ile, pua imeshaota mvi, tumbo limeshuka. Kila aliyepita alimpapasa. Mtani alipomwona alisimama, akafunga kitufe cha koti lake, akanitazama. Nikamwambia hapana. Akasema hajasema kitu.

Kabla ya kaka alipanda kijana mmoja Mzungu aliyepiga vibaya kidogo, si vibaya sana. Mzee wa jukwaa alimsikiliza, akakonyeza watu, kisha akachomoa waya wa gitaa la kijana katikati ya wimbo. Kijana akaendelea kukuna nyuzi bila sauti mpaka akatambua. Watu wote walipiga makofi na kucheka, na yule kijana naye akacheka, masikio yamekuwa mekundu, akashuka. Nilimwuliza mama wa Kizungu aliyekaa jirani yangu kama kijana amekosa nini. Akaniambia hajakosa, ndiyo desturi ya hapa, karibu wote wameshachomolewa waya, ni namna ya kukaribishwa. Alisema kwa fahari. Nikaona basi tumefika kwa watu wanaojua utani.

Kaka alipanda. Aliinama, akaanza chini kabisa, na nitasema ukweli hata kama nimemkasirikia miaka yote hii, alipiga vizuri. Alichukua ule mlio wao wa kulalamika akautia kidole chake cha Dar, kile kinachokimbia juu ya nyuzi nyembamba, na vikombe vilitulia mezani. Mzee wa jukwaa alisogea karibu na waya, akaushika, akauacha. Nilimwona kaka anafumba macho.

Ndipo mtani akasimama.

Alipita katikati ya meza kwa heshima zote, akiomba radhi kwa kila goti alilogusa. Alifika chini ya jukwaa, akapiga goti moja, akamkumbatia mbwa, akamwinua. Mbwa hakubisha, alikuwa mzito na mwenye usingizi, miguu inaning'inia. Mtani akageuka akaanza kurudi naye kuelekea mlangoni, na kwa kuwa alitaka nyumba nzima ifaidi, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa ya msibani, kwamba wasiogope, anampeleka mbwa mahali salama, maana huyu anayepiga gitaa kabila lake hula mbwa, na toka amepanda hapo hajaacha kumtolea macho.

Mimi nilicheka. Nilicheka peke yangu katika nyumba ile nzima, na kicheko changu nilikisikia kinavyoanguka.

Mama wa Kizungu wa jirani alisimama na kusema ni aibu, ni aibu tupu. Mtu mmoja alipiga kelele mbwa aachwe. Wengine wakasema ni mlevi, wengine wakasema ni mbaguzi, neno hilo nililisikia kwa masikio yangu, wakimwambia Mngoni kwa ajili ya Mhehe. Baunsa akatoka upande wa kaunta, akamnyang'anya mbwa kwa upole sana, akamlaza chini, kisha akamkunja mtani mkono nyuma ya mgongo bila upole wowote. Mtani alikuwa bado anatabasamu. Alikuwa anamtazama kaka, anangoja. Zamu ilikuwa ya kaka. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, mtumwa, mrudishe mbwa wa watu, na nyumba nzima ingeelewa kwa namna ile watu wanavyowaelewa wanaocheka pamoja.

Nilisimama nikasema kwa Kiingereza kwamba huyu ni wetu, tumekuja naye. Baunsa hakunisikiliza. Mzee wa jukwaa aliinua mkono, akanyamazisha watu, akamgeukia kaka na kumwuliza kwenye maiki kama mtu huyu amekuja naye. Aliuliza vizuri tu, kama mwenye nyumba anayetaka kujua.

Kaka alimtazama mzee. Akamtazama mtani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umebana nyuzi.

"Simjui mtu huyu," akasema kwa Kiingereza, na maiki ikalipeleka jibu lake mpaka kaunta.

Tabasamu la mtani halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni, kama limesahauliwa hapo. Kisha baunsa akamsukuma na mlango ukafungwa, na watu wakampigia kaka makofi ya kumtia moyo, makofi marefu, wakamwambia aendelee. Naye akaendelea. Alirudia pale pale alipoachia.

Nilitoka nje. Mtani alikuwa amesimama kando ya ule ubao wa majina, anaunyoosha mkono wa koti lake uliochanika begani. Upepo wa baridi wa Agosti ulikuwa unapita kati ya yale maofisi yaliyofungwa. Nilimwambia mtani, tafadhali, kaka amepagawa, amechanganyikiwa na hofu. Nilimwambia nitamleta hapa sasa hivi aje apige magoti. Nilikuwa na hasira na sikuwa na mtu wa kumpiga.

"Sijakasirika," akasema. "Mtani hakasiriki, dada, wewe unajua. Ila amesema hanijui, na mtu asiyekujua humtanii. Utamkosea."

Alisema bila kupandisha sauti. Kisha akaniuliza kama nitaweza kurudi Guildford peke yangu, akaniaga kwa jina langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote aliniita mtumwa mwanamke. Alielekea stesheni akiwa ameshika bega lile lililochanika.

Ndani walimpa kaka Jumapili yake. Mzee wa jukwaa alimwambia amependa alivyotulia, kwamba wengi wangeshuka au kupigana. Walimnunulia bia mpaka meza ikajaa. Mwezi uliofuata jina lake liliandikwa ubaoni nje kwa chaki, kama alivyoomba, na baadaye walimpiga picha wakaitundika ukutani, chini ya wale Wamarekani weusi wenye kofia. Alinipeleka kuiona. Niliiona.

Kwenye treni siku ile ile nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia baba angetoka kaburini ampige. Akasema, "Ulitaka niseme nini? Ilikuwa chance yangu, mdogo wangu, na boss wa jukwaa ananiangalia. Nitamweleza mtani, yeye ataelewa, kesho tutacheka." Nikamwambia asubiri hiyo kesho.

Jumamosi mtani hakuja. Wala iliyofuata. Kaka alimpigia simu, akapokea, akamjibu vizuri mno. Habari za kazi nzuri, habari za afya nzuri, ahsante kwa kunikumbuka, ndugu. Kaka alibaki ameshika simu. Hakuna Mngoni aliyewahi kumwita ndugu.

Alikwenda mpaka Lidcombe. Mimi nilikwenda naye kwa sababu sikutaka anisimulie uongo. Alinunua makopo ya chakula cha mbwa, akayafunga kwa karatasi ya harusi, akagonga mlango, na ulipofunguliwa akatoa matusi yote aliyoyajua, utumwa, ushamba, panya wa kuchoma ambao Wangoni husingiziwa kuwapenda kuliko wake zao. Aliyatoa kwa moyo wake wote, jasho likimtoka. Mtani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango zaidi, akasema, "Karibuni ndani, ndugu zangu. Mtakunywa chai au soda?"

Tulikunywa chai. Mtani alimwuliza kaka kuhusu hali ya hewa ya Guildford. Alimsifu, alisema amesikia anapiga vizuri mjini, hongera sana. Alikata keki. Kifurushi alikipokea, akashukuru, akakiweka juu ya friji bila kukifungua. Kaka alikuwa anakula ile keki na meno yanagongana. Nimeona watu wakipigwa ngumi wakaumia kidogo kuliko vile.

Ikaendelea hivyo miaka. Tulikutana katika harusi za watu, ubatizo wa watoto, na mtani alikuwa na adabu kwa kaka kama karani wa benki. Mimi aliendelea kunitukana. Alikuwa ananivuta pembeni na kuniuliza kama mbwa wa majirani zangu wote wapo, nami namwuliza ni nani aliyemfungulia mnyororo, na kaka akiwa amekaa mezani, anatusikia, ameshika uma. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba adabu inaweza kutumiwa kama kisu.

Jukwaa lenyewe halikudumu. Baa iliuzwa, na mwenye baa mpya akaona mashine za kamari zinaingiza zaidi ya wazee wanaokunywa polepole. Walizipanga pale pale palipokuwa na jukwaa. Mbwa alikuwa ameshakufa. Picha zikashushwa, na kaka akaenda kuchukua yake, akaileta kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya kabati na gitaa. Sikumwambia neno. Nilikuwa nayo mengi.

Kisha mama akafariki, Iringa, na sisi hatukuweza kumuwahi. Tulikaa msiba kwa kaka, Guildford, magodoro chini sebuleni, picha ya mama mezani, mishumaa. Majirani Warundi walihamia jikoni kwa kaka na masufuria yao. Kaka hakulia. Alipokea watu, aliitika poleni, aliwapangia viti, na kila gari lilipoegeshwa nje alisimama kidogo.

Nilijua anamngoja nani. Asubuhi ile alikuwa ameitoa sweta ya kijani ya mama kabatini, akaiweka kwenye kiti karibu na mlango wa sebule, ambapo mtu anayeingia hawezi kuikosa. Mtu mmoja wa kanisani alitaka kuisogeza akae. Kaka alimwambia hapana, kiti kile kina mwenyewe.

Mtani alifika alasiri. Suti ile ile, bega limeshonwa. Hakupitia mlango wa mbele. Aliingia kwa mlango wa nyuma, jikoni, nilikokuwa mimi na wanawake, na akasimama akinitazama. Kisha akaniagiza nimletee sweta ya bibi yake.

Nilikwenda sebuleni nikaichukua kitini. Kaka aliniona. Niliona uso wake unafunguka, niliona anavuta pumzi, akaketi wima kungoja. Nikarudi jikoni.

Mtani aliivaa. Ilimbana tumboni. Akapeleka kichwa mbele, mikono nyuma, akaguna. Mama yangu akaingia jikoni mle. Alikagua masufuria ya Warundi moja moja, akaguna, akauliza wali huu umepikwa au umeadhibiwa. Akaniuliza mbona nimenenepa, ni mbwa wa nchi hii nini. Akasema yeye huko alikofika amekuta Wahehe wote wamepangiwa upande wa nje, karibu na geti, wanabweka. Jirani wa Kirundi alinishika mkono akaninong'oneza, "Uyu baba iko na akili kweli?" Nilikuwa nimeshikilia sinki, nacheka, na kilio kikanipanda kutoka chini, kile ambacho nilikuwa nimekingoja tangu simu ya Iringa, nikalia kwa sauti kama ninavyotakiwa kulia kwa mama yangu.

Kaka alikuja mlangoni. Alikuwa ameshaanza kucheka, mdomo umefunguka, mikono ameinyoosha mbele kidogo, kama mtu anayeingia majini. "Mtumwa," akasema. Sauti ilikwaruza.

Mtani alinyooka. Alisimama kama yeye mwenyewe. Alifungua vifungo vya sweta, akaivua, akaikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, mpaka ikawa kama nguo mpya ya dukani. Akamwendea kaka, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Pole sana kwa msiba, ndugu," akasema. "Mungu akutie nguvu."

Kaka aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante.